Nyerereiti: madini yenye jina la Mwalimu, yasiyovumilia maji

Nyerereiti ni madini ya kaboneti yenye sodiamu na kalsiamu, fomula yake Na2Ca(CO3)2. Yalitambuliwa kwenye lava ya Oldoinyo Lengai, volkeno iliyo kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1963 yalikubaliwa kuwa aina mpya ya madini, yakapewa jina la Julius Kambarage Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Tanganyika.

Neno “aina” hapa lina maana ya kitaalamu. Madini huhesabiwa kuwa aina ya peke yake pale mchanganyiko wake wa kikemikali na mpangilio wa atomu zake, vikichukuliwa pamoja, havilingani na vya madini mengine yoyote. Tanzanaiti, kwa umaarufu wake wote, si aina ya peke yake: ni zoisaiti ya buluu, na zoisaiti ilijulikana zamani. Nyerereiti ni aina kamili, ingawa hakuna sonara atakayeiweka kwenye pete.

Uadimu wake hautokani na viambato. Sodiamu imo kwenye chumvi ya mezani, kalsiamu imo kwenye chokaa, na kaboneti imo kwenye magadi ya kuchemshia maharage. Kilicho adimu ni mazingira. Inatakiwa lava iliyojaa kaboneti na karibu isiyo na silika (kiambato kikuu cha mchanga na cha lava nyingi), kisha ikishapoa isikutane na maji. Sharti la kwanza hutimia kwenye volkeno moja tu inayojulikana kulipuka lava hiyo siku hizi. Sharti la pili halidumu popote penye mvua au umande.

Lava yenyewe huitwa natrokabonatiti. Ilipofika mwaka 1960 mwanajiolojia J. B. Dawson alishuka kwenye kreta ya Lengai, na mwaka 1962 akachapisha taarifa kwamba kilichotiririka mle ndani kilikuwa hasa kaboneti ya sodiamu. Vipimo vya joto vilivyochukuliwa mwaka 1988 viliangukia kati ya nyuzi 491 na 544 za Selsiasi, wakati basalti, lava ya kawaida ya volkeno nyingi, hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200. Kwa sababu ya joto hilo dogo, mchana lava hiyo haionekani nyekundu: hutiririka nyeusi au ya kahawia kama tope jepesi, na usiku ndipo wekundu hafifu huonekana. Isidhaniwe hata hivyo kwamba mlima wote umejengwa kwa lava hiyo. Sehemu kubwa ya Lengai ni miamba ya silika. Natrokabonatiti ni tabaka changa la juu.

Ukivunja kipande kibichi cha lava hiyo na kukitazama kwa lenzi ya mkononi, utaona fuwele za namna mbili zimezama kwenye uji laini ulioganda. Zilizo bapa, kama vibao vidogo vyenye umbo linalokaribia pembesita, zisizo na rangi na zenye urefu wa milimita chache, ndizo nyerereiti. Zilizo mviringo na zenye ukungu ndani ni gregoriiti, ndugu yake, ambayo ina sodiamu nyingi zaidi na kalsiamu kidogo.

Umbo hilo la “kukaribia pembesita” ndilo linalofungua muundo wote. Chumba kidogo kabisa kinachojirudia ndani ya fuwele kina pande tatu zenye urefu tofauti, zote zikikutana kwa pembemraba: nanomita 0.504, 0.881 na 1.274. Mfumo huo huitwa orthorombiki. Ndani yake mna vipembetatu vya kaboneti, kila kimoja kaboni moja katikati ya oksijeni tatu, vikipangwa pamoja na kalsiamu na sodiamu kwa tabaka zinazopandana kufuata ule upande mrefu. Sasa gawanya 0.881 kwa 0.504: unapata 1.748. Kipeuo cha pili cha 3 ni 1.732. Mstatili wenye uwiano wa 1.732, ukiwekewa nukta kwenye kona zake na moja katikati, hutoa mpangilio wa pembesita kamili. Nyerereiti imekosea pembesita kwa chini ya asilimia 1.

Kosa hilo dogo lina chanzo chake. Katika joto kali muundo huwa wa pembesita kweli. Fuwele ikipoa, atomu husogea kidogo na muundo hujivuta upande mmoja, lakini kuna pande tatu zinazolingana za kuchagua, na sehemu tofauti za fuwele ileile huchagua tofauti. Matokeo ni fuwele pacha: vipande viwili au vitatu vilivyoshikana, kila kimoja kikielekea kwake, ndani ya kibao ambacho kwa macho ni kimoja. Anayepima kwa mionzi ya eksi bila kulijua hilo hudhani ameshika fuwele ya pembesita, kwa sababu mapacha watatu wakichanganyika huiga ulinganifu ambao hakuna hata mmoja wao aliye nao.

Vipimo hivyo vinakuwezesha pia kukagua msongamano kwa kalamu na karatasi. Ujazo wa chumba ni nanomita za ujazo 0.566, na ndani mna fomula nne, kila moja ikiwa na uzito wa 206.1. Zidisha 4 kwa 206.1, ugawe kwa 0.566 mara 602.2 (namba inayogeuza vipimo vya atomu kuwa gramu na sentimita): jibu ni gramu 2.42 kwa sentimita ya ujazo. Madini ya Lengai yakipimwa hutoa karibu 2.54. Sababu mojawapo ya tofauti ni potasiamu, ambayo ni nzito zaidi na hukalia karibu nafasi moja kati ya tano au sita za sodiamu. Kwa hiyo fomula safi ingekupa asilimia 30 ya oksidi ya sodiamu, lakini nyerereiti ya mlimani huwa na takriban 24, na asilimia 8 hivi ni oksidi ya potasiamu. Anayepata 24 asiogope kwamba kipimo kimeharibika.

Chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, nyerereiti haifanani hata kidogo na kalisaiti, madini ya kawaida ya mawe ya chokaa. Faharasa zake za kupinda mwanga ziko kati ya 1.511 na 1.535, tofauti ya 0.024. Kwenye kipande kilichosuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, hilo hutoa rangi angavu, hadi buluu na kijani. Kalisaiti, yenye tofauti ya 0.172, hutoa weupe uliopauka. Tone la asidi halisaidii kuzitofautisha, maana zote mbili hutoa povu.

Tuje kwenye maji. Nyerereiti ikipata unyevu, hata wa hewani, hugeuka kwanza kuwa pirsoniti, yenye molekuli mbili za maji, kisha gailusiti, yenye tano. Gramu 100 zikigeuka zote kuwa gailusiti hufikia gramu 144 hivi, na ujazo huongezeka kwa zaidi ya theluthi mbili. Mwamba hauna pa kutanukia, basi hupasuka na kuwa unga. Gregoriiti nayo hutoa magadi, yaleyale ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Ndiyo maana lava nyeusi ya Lengai huanza kuota weupe ndani ya saa chache au siku chache, na kilele chake kwa mbali hufanana na chenye theluji. Mvua ikiendelea, sodiamu huyeyuka na kuondoka, kalsiamu hubaki kama kalisaiti.

Kwa anayeshughulika na sampuli, yote hayo yana maana moja: maji yasiguse kitu. Chukua kipande cha ndani ya lava, si ganda la juu, ukifunge papo hapo kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na jeli ya silika, inayofyonza unyevu. Mfuko wa kitambaa haufai. Msumeno wa maabara hupozwa kwa maji kwa kawaida. Hapa tumia mafuta ya taa au mafuta mepesi ya madini, na mng'arisho ufanywe kwa unga wa almasi uliochanganywa na mafuta. Kosa baya kuliko yote ni kukausha kwenye tanuri sampuli iliyokwisha kulowa. Pirsoniti ikipashwa joto hupoteza maji yake na inaweza kurudi kuwa Na2Ca(CO3)2. Mionzi ya eksi itaonyesha nyerereiti, nawe utaripoti fuwele mbichi mahali palipokuwa na unga uliooza. Kwenye kipimo cha viambato kwa boriti ya elektroni (mwale mwembamba wa elektroni), adui ni sodiamu inayokimbia joto la boriti: tanua boriti hadi mikromita 10 au 20, punguza mkondo, na sodiamu ihesabiwe kwanza.

Kuna namna moja ambayo nyerereiti hudumu, nayo ni umbo lake. Kalisaiti inapochukua nafasi, mara nyingine hujaza kile kibao bapa bila kukivunja. Vibao kama hivyo vimeonekana kwenye miamba ya Kerimasi, jirani wa Lengai, na kwenye vilima vya Tinderet magharibi mwa Kenya, na vimetumika kusema kwamba volkeno hizo nazo ziliwahi kutoa lava yenye sodiamu. Umbo pekee ni ushahidi dhaifu. Lazima uone vibao vingi, vyenye uwiano uleule, vikiwa vimelala kufuata mtiririko wa lava. Nyerereiti yenyewe, isiyoharibika, imepatikana pia ndani ya almasi za eneo la Juina, Brazili, ambako almasi iliyoizunguka pande zote haikuacha tone la maji kupita.