Kabla hujalipia AI ya vijipicha, angalia kwanza utapima kwa kipimo gani

Ujumbe ninaoupata kuliko wote ni huu: "Kaka, nitajie AI moja nzuri ya kutengeneza vijipicha." Anamaanisha zile picha ndogo (thumbnail) zinazoitambulisha video kabla hujaibofya. Anayeuliza huwa ameshaona matangazo ya programu kadhaa, kila moja ikijinadi kwamba itaikuza chaneli yake, na anachotaka ni kuambiwa tu alipie ipi. Kabla sijataja jina lolote, namrudishia swali. Fungua YouTube Studio, sehemu ya YouTube ya kusimamia chaneli yako, angalia video zako za mwezi uliopita: vijipicha vyake vimeonyeshwa mara ngapi? Wengi hawajawahi kuitazama namba hiyo. Ndiyo inayoamua kama programu ya majaribio itakusaidia, na inaamua hata aina ya picha unazopaswa kutengeneza.

Mimi ni mbunifu wa vijipicha vya chaneli za Kiswahili: mapishi, kilimo, uchambuzi wa mpira, simulizi za kutisha. Haya nayasema kwa ajili ya hizo.

Kupima

Naanza na kupima kwa sababu hapa ndipo watu wanapomwaga fedha bure. YouTube yenyewe ina kipengele cha kujaribu na kulinganisha vijipicha. Kiliwafikia watengeneza maudhui wengi mwaka 2024, na hakilipiwi. Unapakia hadi vijipicha 3 kwa video moja, YouTube inawagawa watazamaji, kila kundi linaona chake ndani ya kipindi kilekile, na jaribio linaweza kwenda hadi wiki 2. Mwishoni unaambiwa kuna mshindi, au vimelingana, au hakuna jibu la uhakika. Unahitaji kompyuta, na akaunti iliyofunguliwa vipengele vya juu (advanced features). Shorts hazimo, wala video ulizoziweka kuwa za watoto. Pia angalia vipimo: kimoja kikiwa chini ya 1280 kwa 720, vyote vya jaribio hilo vinashushwa ubora.

Ninachokipendea ni kile kinachopimwa. Hakiishii kuhesabu waliobofya. Kinaangalia kila kijipicha kimeleta sehemu gani ya muda wa kutazama. Mpishi aliyeweka uso wa mshangao na moto unaowaka jikoni atabofywa sana, halafu watu wakikuta ni pilau la kawaida wanaondoka hata vitunguu havijaiva. Kwa kipimo cha kubofya huyo ni mshindi. Kwa kipimo cha YouTube anaweza kushindwa na picha ya sufuria iliyofunuliwa, mvuke unapanda.

Sasa hesabu, na naomba usiruke hapa. YouTube inasema nusu ya chaneli na video zote zina asilimia ya kubofya, yaani kijipicha kikionyeshwa mara 100 kinabofywa mara ngapi, kati ya 2 na 10. Tuchukue 5. Tuseme kijipicha kipya kinaipandisha hadi 6, mafanikio ambayo mteja yeyote atayafurahia. Kwa kanuni ya kawaida ya takwimu, ukitaka kiwango cha uhakika cha asilimia 95, na nafasi ya asilimia 80 ya kuinasa tofauti hiyo, kila kijipicha kinatakiwa kionyeshwe kama mara 8,100. Tofauti ikiwa ya 5 kwa 5.5, unahitaji kama mara 31,000 kwa kila kimoja. Na hapo nimehesabu kubofya tu. Muda wa kutazama unayumba zaidi, kwa hiyo mahitaji yanapanda.

Chaneli ambayo video yake inaonyeshwa mara 6,000 kwa mwezi haiwezi kujua kama maandishi ya njano yanayashinda meupe, hata ilipie programu ya bei gani. Inachoweza kukiona ni tofauti kubwa: uso wa mkulima dhidi ya shamba lililokauka, kocha dhidi ya ubao wa mbinu. Hapo AI inakuwa mtego, maana kazi inayoifanya kwa wepesi zaidi ni kukuzalishia picha ishirini za wazo moja. Zote ndugu wa tumbo moja. Unaingiza tatu kwenye jaribio, wiki mbili zinaisha, unaambiwa vimelingana, unailaumu YouTube. Chaneli ndogo ijaribu mawazo mawili yanayopingana, basi.

Nyongeza moja kwa chaneli za kwetu zinazoishi kwa magrupu ya WhatsApp: YouTube huhesabu kuonyeshwa pale tu kijipicha kinapotokea ndani ya YouTube yenyewe, angalau nusu yake, kwa zaidi ya sekunde moja. Aliyebofya kiungo kwenye grupu la ukoo hayumo. Kwa hiyo unaweza kuwa na watazamaji wengi na bado ukakosa idadi ya kuendeshea jaribio.

Kuna programu za kulipia, TubeBuddy ikiwa mojawapo ya zinazojulikana zaidi, ambazo zimekuwa zikijaribu kwa njia nyingine: leo kijipicha hiki, kesho kile, kwa zamu. Kasoro yake iko wazi kwa yeyote mwenye chaneli ya mpira. Siku ya Simba na Yanga si sawa na Jumatatu iliyofuata, na video ya siku ya kwanza si ile ya siku ya tisa. Njia hiyo naikubali kwa video ya zamani ambayo watazamaji wake wa kila siku hawapandi wala kushuka. Kwa video mpya, hapana.

Halafu kuna zile zinazokupa alama kabla hujapakia. "Kijipicha chako kina 78 kati ya 100." Sizilipii. Alama hiyo inatokana na mifumo ya AI iliyofunzwa kwa picha za chaneli nyingine, na sijaona anayeonyesha kwamba kati ya hizo kuna mtazamaji wa Mbeya anayetafuta dawa ya viwavi wa mahindi. Michoro ya joto (heatmap) inayobashiri macho yatatua wapi ina kazi ndogo: kukuonyesha kwamba umejaza vitu vingi. Hilo hata simu ukiiweka mbali kidogo utaliona.

Kutengeneza

Hapa AI imenipunguzia kazi kweli, ila si mahali matangazo yanapopigia kelele.

Kubwa ni kukata mtu kutoka kwenye mandhari yake. Canva inafanya hivyo katika huduma yake ya kulipia, Photoshop inafanya, remove.bg inafanya, na kwa anayejua kuendesha programu ya Python ipo rembg ya bure kabisa. Usizilinganishe kwa picha za mfano walizoweka kwenye tovuti zao. Chukua picha yako ngumu: nywele za kusuka zilizoachwa huru, au mtandio mweusi, ngozi nyeusi, ukuta wa kahawia, taa moja ya jikoni. Programu nyingi hula ncha za nywele, na nyingine humeza sikio.

Zinazosafisha na kukuza picha za uso ziangalie kwa jicho kali zaidi. Mwaka 2020 mfumo wa PULSE, uliotoka Chuo Kikuu cha Duke, ulipewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa kuwa vijisanduku, ukarudisha uso wa mzungu. Programu za leo ni bora kuliko hapo, lakini bado nakutana na zinazompausha mteja wangu hatua mbili na kuuita huo ni mwanga. Mimi hulinganisha rangi ya paji la uso kabla na baada. Ikibadilika, naitupa.

Kazi ya pili ni kujaza. Wateja hunitumia picha za simu zilizopigwa wima, na kijipicha ni 16 kwa 9. Tangu Photoshop ilipoleta ujazaji wa AI mwaka 2023, naongeza ukuta, anga au meza pande zote mbili bila kumgusa mtu. Ningeambiwa nibaki na uwezo mmoja tu wa AI, ningebaki na huu.

Kuumba picha nzima kutoka kwenye maneno ndiko kila mtu anakokimbilia, na ndiko ninakotumia kidogo zaidi. Kwa simulizi za kutisha sawa, maana hakuna picha ya jini wa kupiga. Midjourney, ChatGPT na Gemini zote zinaweza, na Gemini tangu toleo la Agosti 2025 inajitahidi kubakiza sura ileile unapobadilisha mandhari. Kwa mapishi sikubali. Ugali unatoka kama viazi vilivyopondwa, kanga inatoka na herufi zisizosomeka pale jina lilipotakiwa kuwa, na ukiandika "mtaa wa Afrika" unaletewa vibanda vya nyasi na machweo. Ukilazimika, eleza vitu vyenyewe: bajaji, bati lenye kutu, nguzo ya umeme, duka la vocha lenye nondo. Hata hivyo, aliyekuja kujifunza kupika maandazi anataka kuona maandazi yako.

Maandishi usiiachie AI. Inaweza kuandika Kiingereza vizuri siku hizi, kisha ikakuletea "WANAVYOTUNDAGANYA" bila aibu, na kosa la herufi kwenye kijipicha hugeuzwa kicheko kwenye maoni kabla ya saa kuisha. Weka mwenyewe kwa Canva au Photopea, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye kivinjari. Ule ushauri wa wageni wa kuhesabu maneno manne hautufai, kwa kuwa neno letu moja linaweza kuwa na herufi 17. Hesabu herufi. Na kona ya chini kulia iache wazi. YouTube inabandika urefu wa video hapo.

Vya watu na sheria

Juni 2025 MrBeast, mwana-YouTube maarufu wa Marekani, alizindua zana ya AI ya vijipicha kupitia Viewstats, jukwaa lake la takwimu za YouTube. Watengeneza maudhui wenzake, Jacksepticeye akiwamo, walimjia juu kwa madai kwamba inanakili kazi za watu, na ndani ya muda mfupi akaiondoa na kuweka njia ya kuwapata wabunifu wa kibinadamu. Nina maslahi hapo, sifichi. Lakini hata ukiniweka pembeni, programu inayojisifu kwamba itakutolea kijipicha "kama cha" fulani inakuuzia sura ya mtu mwingine, na mtazamaji akichanganya chaneli mbili, anayepotea ni wewe mdogo.

YouTube haikulazimishi kutangaza kwamba umetumia AI kutengeneza kijipicha. Inachokataza ni kijipicha kinachoahidi kisichokuwemo kwenye video. Kwa hiyo ile picha ya mchezaji analia machozi ambayo hakuyalia, iache. Kwa Tanzania kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa uchapishaji wa taarifa za uongo, na sidhani kama kuna mbofyo unaostahili safari ya mahakamani.

Nilipie ipi basi?

Chaneli changa: usilipie kitu. Photopea, rembg au huduma za bure za kukata, na jaribio la YouTube. Ukifika mahali video zako zinaonyeshwa makumi ya maelfu ya mara, lipia moja tu, ile ya kukata na kujaza, kwa mwezi na si kwa mwaka. Punguzo la mwaka linavutia, ila bei ni ya dola na programu hizi zinapitwa upesi. Soma pia kama unanunua muda au pointi, kwa kuwa zenye pointi zinakukata hata kwa picha uliyoikataa. Kabla hujaingiza namba ya kadi, zipe picha zako ngumu zilezile, zote kwa siku moja, kisha fungua matokeo kwenye simu ya bei nafuu, mwanga wa skrini ukiwa nusu, kijipicha kikiwa na ukubwa uleule kinaotokea nao kwenye orodha ya video.