Utambuzi wa nyota za fungunyota wazi kwa kutumia spektra

Fungunyota wazi ni kundi la nyota, kuanzia makumi hadi maelfu kadhaa, zilizozaliwa katika wingu moja la gesi na vumbi na ambazo bado husafiri pamoja. Kilimia ndicho mfano unaofahamika zaidi. Tatizo ni kwamba mbele na nyuma ya fungu zimo nyota nyingine zisizohusiana nalo, na jicho haliwezi kuzibagua, kwa kuwa angani tunaona mwelekeo wa nyota bila kuona umbali wake. Ndipo inapohitajika spektra, yaani nuru ya nyota iliyotandazwa katika rangi zake.

Ndani ya spektra hiyo mna mistari myeusi inayotokana na elementi zilizofyonza nuru katika angahewa ya nyota. Mstari wa hidrojeni ulio katika sehemu nyekundu ya spektra hupatikana kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3; nyota ikienda mbali nasi, mstari huo husogea upande wa wekundu, na ikitukaribia husogea upande wa buluu. Kiasi cha kusogea huonyesha kasi ya nyota, na kwa kuwa nyota za fungu husafiri pamoja, kasi zao hukaribiana.

Tazama fungu la Hyades, lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 150 katika kundinyota la Ng'ombe. Nyota zake huenda mbali nasi kwa kasi ya kilomita 39 hivi kwa sekunde, na kasi hiyo husogeza mstari wa hidrojeni kwa nanomita 0.085 tu. Dabarani, nyota angavu inayoonekana miongoni mwao kana kwamba ndiye mkubwa wao, ina kasi ya kilomita 54 kwa sekunde. Si ya fungu hilo: iko umbali wa miaka ya nuru 65 hivi, imesimama njiani tu kati yetu na Hyades. Vipimo hivi hutolewa baada ya kuondoa mwendo wa Dunia kulizunguka Jua, ambao peke yake ni kilomita 30 hivi kwa sekunde.

Hata hivyo, nyota ngeni inaweza kuwa na kasi ileile kwa bahati, kwa hiyo hutazamwa pia kemia yake. Nyota za Hyades zina chuma kwa wingi kidogo kuliko Jua. Na katika mafungu machanga, mstari wa lithi kwenye nanomita 670.8 ni ushahidi mzuri, kwani nyota ndogo huiteketeza lithi yao kadiri umri unavyosonga.

Nyota pacha ndizo zinazohitaji subira kubwa. Kila moja huyumba ikimzunguka mwenzake, kasi yake ikipanda na kushuka, hivyo spektra ya usiku mmoja inaweza kuikataa nyota ambayo, ikipimwa mara nyingi na wastani wake kupatikana, ni ya fungu kabisa.