Ukijikata na wembe, usichungulie

Jumatatu iliyopita, kabla hata ya saa moja asubuhi, jirani yangu alinigongea mlango huku ameshika kidevu. Alikuwa na mahojiano ya kazi mjini saa tatu. Vipande vitatu vya tishu vilikuwa vimemganda usoni, na kola ya shati lake jeupe ilikuwa na doa tayari.

"Daktari, nimebonyeza nusu saa nzima na haikomi."

Mimi ni muuguzi, lakini hapa Umoja mwanamume anayefanya kazi hospitalini huitwa daktari tu. Nimechoka kusahihisha watu.

Nikamwambia abonyeze nikiona. Akabonyeza, akainua tishu akaitazama, akabonyeza tena, akaitazama tena. Nilikuwa nimekodolea saa: hakufikisha sekunde 15 hata mara moja. Ile nusu saa yake ilikuwa ni kuanza upya zaidi ya mara 100.

Mshipa mdogo ukikatwa, kwanza hujibana wenyewe. Kisha zinakuja pleteleti, zile chembe ndogo bapa za kwenye damu. Zinanata penye mkato, zinashikana, zinakuwa kizibo. Baadaye nyuzi za protini iitwayo fibrini hukisuka kizibo hicho kikakaza. Katika dakika za mwanzo bado ni laini kama uji, na ukiinua tishu unaondoka nacho. Karatasi ya chooni ndiyo mbaya zaidi, maana hulowa, huganda pamoja na damu, na ukiivuta inang'oa kila kitu. Ikiwa imeshakuganda, ilowanishe kwa maji kwanza, halafu uitoe taratibu.

Kwa hiyo suuza povu kwa maji baridi, chukua kitambaa safi au shashi, weka kidole juu ya mkato wenyewe, ubonyeze. Dakika 5 kwa saa ya simu. Usikadirie, kwa sababu dakika 5 za kubonyeza kidevu ni ndefu kuliko foleni ya matatu ya jioni. Ikiwa bado inachuruzika, bonyeza dakika 10 nyingine bila kuchungulia. Kipande cha barafu kilichofungwa kwenye kitambaa husaidia mishipa kujibana. Maji moto hufanya kinyume, kwa hiyo taulo la moto ni la kabla ya kunyoa, wala si baada ya kujikata.

Wingi wa damu usikutishe. Uso una mishipa tele, na damu ikiangukia ngozi yenye maji husambaa ikaonekana kama umechinjwa. Matone 20 hivi ndiyo mililita 1, na mtu mzima ana karibu lita 5.

Sasa shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa kama sukari guru iliyotakata. Vinyozi wa zamani walijua walichokuwa wakifanya. Shabu ni chumvi ya alumini na potasiamu. Ukiilowanisha na kuipitisha juu ya mkato, hukunyata ngozi na kugandisha protini za damu papo hapo. Itawasha kidogo. Mimi huitumia baada ya kubonyeza, kwa ule mchuruziko mwembamba uliobaki, kisha napaka Vaseline kidogo kufunika. Ila jiwe liwe lako peke yako. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata kwenye damu iliyokauka, na jiwe linalohama kidevu hadi kidevu pale kwa kinyozi ni sawa na kushiriki wembe.

Spiriti huunguza bure, haizuii damu. Majivu, majani chai na mafuta ya taa naomba tuyaache, maana bado nayaona kwenye vidonda vya watu, na majivu au udongo vinaweza kuingiza pepopunda.

Kuna swali ambalo nilimuuliza jirani, na wengi hushangaa nikiliuliza: umemeza dawa gani wiki hii? Akakumbuka aspirini, alikuwa na jino. Aspirini huzilemaza pleteleti, na pleteleti iliyolemazwa haiponi. Inabidi mwili utengeneze nyingine, na kila moja huishi siku 7 hadi 10. Kidonge cha Ijumaa kinaweza kukusumbua Jumatatu mbele ya kioo. (Kama ni daktari aliyekuandikia kwa ajili ya moyo, usiiache kwa sababu ya kidevu. Bonyeza muda mrefu zaidi.)

Hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri), ambayo watu huitaja haraka damu ikikawia kukoma, ina tabia tofauti. Pleteleti za mgonjwa ni nzima, kwa hiyo mkato mdogo huweza kukoma vizuri mwanzoni, halafu ukaanza tena baadaye kwa sababu nyuzi za fibrini hazikusukwa ipasavyo. Kwetu mara nyingine hugunduliwa mtoto anapotahiriwa.

Nenda zahanati ikiwa umebonyeza kikweli mara mbili na damu bado inatoka, ikiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini na haikomi, ikiwa fizi na pua nazo zinavuja au unavilia bila kugongwa. Chunjua au baka jeusi linalotoka damu kila ukinyoa lionyeshe pia, hata kama halikuumi.

Jirani alikaa kwenye kiti changu dakika 10, mkono kidevuni, macho kwenye saa ya ukutani. Ikakoma. Kilichobaki ni kola. Tukaisugua kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kwa sababu maji moto huipikia damu ndani ya uzi kama yai. Akapanda matatu kola ikiwa mbichi.