Je, Wajua? Mwenye Jina Kwenye Jalada Huenda Hakuandika Unachokisoma

Mwaka wangu wa pili chuoni niliandika insha kuhusu pwani ya Afrika Mashariki enzi za Wareno, na karibu kila aya nikapachika "Ogot (1992) anasema". Nilijiona msomi kwelikweli. Insha ikarudi na mstari mwekundu chini ya kila Ogot, na pembeni mwalimu ameandika maneno matatu: "Ogot hakusema haya."

Nikamfuata ofisini nimekumbatia ushahidi wangu: juzuu ya tano ya ile historia kubwa ya Afrika iliyotolewa na UNESCO, na jina la B. A. Ogot, mwanahistoria wa Kenya, liko hapo juu, halihitaji miwani. Mwalimu akaifungua sura ya 25 na kuweka kidole chini ya kichwa cha sura. A. I. Salim. Nilikuwa nimeisoma sura nzima, nikainukuu tangu mwanzo wa insha hadi mwisho, na jina la aliyeitolea jasho sikuliona.

Basi swali la leo ni hilo. Kwa nini kitabu cha kitaaluma huandikwa na watu ishirini au thelathini, kisha jalada likabeba jina la mmoja? Na huyo mmoja kazi yake ni ipi?

Jibu langu la kwanza, yaani kwamba mwenye jalada ndiye mwandishi, lilikufa siku ile. Kwa bahati mbaya nililizika na kupanda kosa jingine mahali pake. Nikajiambia: kumbe Ogot ni mhariri tu. Na "mhariri", kwa mtu aliyekulia na magazeti, ni yule anayekata habari iingie kwenye nafasi, anayebadilisha kichwa cha habari na kurekebisha koma. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa niliamini kwamba hawa wenye majalada ni wasahihishaji waliopewa heshima kubwa kuliko jasho lao. Kosa hili lilikaa muda mrefu kuliko lile la kwanza, kwa sababu lilikuwa na harufu ya werevu.

Neno lenyewe lina lawama yake. Kiswahili kimempa jina moja mtu wa chumba cha habari, mtu wa shirika la uchapishaji anayepitia mswada, na mtu anayeunda kitabu cha waandishi wengi. Matoleo ya Kifaransa ya historia hiyohiyo ya UNESCO yanamwita huyu wa tatu mkurugenzi wa juzuu, na hapo mwanga unaingia kidogo: mkurugenzi hafuti koma. Kwetu hali inazidi kuchanganya kwa sababu katika marejeo mhariri hufupishwa "Mh." Mwenzangu mmoja wa darasani aliamini mpaka karibu na mtihani kwamba Ogot, Mh., aliwahi kuwa mbunge.

Historia ya kazi hiyo kwa ufupi. Mkutano Mkuu wa UNESCO uliamua mwaka 1964 kwamba Afrika iandikiwe historia yake kwa mtazamo wa ndani. Ikaundwa kamati ya kisayansi ya watu 39, theluthi mbili Waafrika, na Ogot mwenyewe aliwahi kuwa rais wake. Zikatoka juzuu nane, kila moja na mkurugenzi wake: Ki-Zerbo wa Burkina Faso ya kwanza, Mokhtar wa Misri ya pili, mpaka ya nane iliyosimamiwa na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa. Wakenya wawili kati ya wanane si haba.

Sasa tuingie jikoni, na nasema jikoni kwa makusudi, maana mfano bora nilioupata ni pishi la harusi.

Harusi ya pwani haipikwi na mtu mmoja. Kuna mama mmoja anayeshika pishi. Yeye ndiye anayekaa na wenye shughuli wiki kadhaa kabla na kuamua: watu mia tatu, kwa hiyo pilau sufuria nne, mchuzi wa nyama, kachumbari, tambi za sukari, mahamri ya asubuhi. Kisha anagawa. Pilau apewe Fulani, maana mkono wake unajulikana mpaka mtaa wa pili. Tambi apewe shangazi wa bwana harusi, si kwa sababu ni bingwa wa tambi, ila asipopewa chochote patakuwa na maneno. Siku yenyewe mama huyu huenda asishike mwiko hata mara moja. Anazunguka, anafunua, anaonja, anasema hapa chumvi, hapa moto punguza. Lakini Fulani akisisitiza kwamba pilau yake haiwekwi nyanya, haiwekwi. Sufuria ni ya Fulani. Wageni wakila wakasifu pilau, watamtaja Fulani; wakilala njaa, atatajwa aliyeshika pishi.

Mhariri wa kitabu cha waandishi wengi ndiye mama huyo. Orodha ya sura ndiyo orodha ya vyakula, na kuipanga ni kazi ya kifikra kuliko inavyoonekana. Anayeamua kwamba pwani ipewe sura yake peke yake, au iunganishwe na bara, tayari ametoa hoja kuhusu pwani kabla mtu yeyote hajaandika sentensi. Halafu anatafuta mikono. Halafu anaonja: katika mradi wa UNESCO sura zilipitiwa pia na kamati za wasomaji na kurudishwa kwa mwandishi na maoni. Mwishowe anaandika utangulizi unaojaribu kuwaonyesha wasomaji kwamba sufuria zote hizi ni za shughuli moja. Wengine hupika pia. Adu Boahen wa Ghana, aliyeshika juzuu ya saba kuhusu ukoloni, aliandika mwenyewe sura ya kwanza na ya 30, iliyo ya mwisho; alifungua mlango na kuufunga. Na Ogot yumo ndani ya juzuu yake kama mwandishi: sura ya 26 kuhusu eneo la Maziwa Makuu ina majina matatu, lake likiwa katikati ya Webster na Chrétien. Laiti insha yangu ingehusu Bunyoro, ufalme wa eneo hilo, ningekuwa sahihi theluthi moja.

Mfano wa pishi una mahali unapokwama, na hapo ndipo utamu ulipo. Wapishi hawagombani kuhusu mchele ni nini. Wasomi hugombana.

Chukua juzuu ya pili. Sura ya kwanza, kuhusu asili ya Wamisri wa kale, alipewa Cheikh Anta Diop wa Senegali, aliyeshikilia kwamba Wamisri hao walikuwa watu weusi. UNESCO ilijua moto ulipo, ikaitisha kongamano Cairo kuanzia tarehe 28 Januari hadi 3 Februari 1974 ili wataalamu wakabiliane ana kwa ana. Hawakukubaliana. Ripoti ya kongamano ilikiri jambo ambalo ripoti za mikutano hukwepa: kwamba si washiriki wote waliojiandaa kwa kiwango cha Diop na mwenzake Théophile Obenga, na kwa hiyo mjadala ulikosa uwiano.

Mkurugenzi Mokhtar afanye nini? Angeweza kuikataa sura, angeweza kuilainisha. Alichofanya ni kuichapisha kama ilivyo, kuambatisha muhtasari wa ripoti ya Cairo, na kuongeza maelezo yaliyotiwa saini yake kwamba hoja za sura hii hazikukubaliwa na wataalamu wote. Kwa maneno ya jikoni, sahani imeletwa mezani na kikaratasi juu yake: wapishi wenzake wana neno. Mimi hupenda ukurasa huo kuliko kurasa nyingi za historia zilizonyooka. Wapo wanaousoma kama woga wa mhariri na wapo wanaousoma kama uungwana, na maandishi yenyewe yanaruhusu zote mbili. Lakini msahihishaji wa koma hawezi kufanya uamuzi wa namna hiyo.

Gharama kubwa ya mfumo huu ni muda. Kitabu cha mtu mmoja hungoja mtu mmoja. Kitabu cha watu thelathini humngoja aliye wa mwisho kati ya thelathini. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika sura ya 14 ya juzuu ya saba, kuhusu uchumi wa kikoloni. Aliuawa Georgetown, Guyana, Juni 1980. Toleo la Kiingereza la juzuu lilitoka 1985. Na juzuu zenyewe hazikutoka kwa foleni: ya nne ilichapishwa 1984, ya saba 1985, ya tatu 1988, ya tano 1992. Aliyekuwa akinunua kila moja inapotoka alisoma kuanguka kwa Afrika mikononi mwa wakoloni kabla ya kusoma karne ya saba. Mfuatano huo peke yake hautoshi kumtaja aliyechelewesha, kwa hiyo tusimnyooshee mtu kidole.

Kwa wanasayansi mambo yana sura nyingine. Vitabu vya sura zenye saini wanavyo pia, lakini kazi zao kubwa za pamoja huelekea kuwa sufuria moja yenye miiko mingi. Ripoti kuhusu msingi wa kisayansi wa mabadiliko ya tabianchi, iliyotolewa Agosti 2021 na IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, iliandikwa na watu 234 kutoka nchi 66, na rasimu zake zilipokea maoni 78,007. Humo huwezi kusema aya hii ni ya nani. Kila sura ina waandishi waratibu, waandishi viongozi na waandishi wachangiaji, kisha kuna wahariri wa mapitio ambao kazi yao ni kuhakikisha kila oni limejibiwa. Hiyo sasa ni maana ya nne ya mhariri, tuiweke kwenye kapu pamoja na zile tatu. Kilele cha mtindo huu si kitabu bali makala: mwaka 2015 timu mbili za CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, zilitoa makala ya kurasa 33 kuhusu tungamo (uzito, kwa lugha ya kawaida) la Higgs, chembe ndogo kuliko atomu, ikiwa na waandishi 5,154. Kurasa tisa ni za sayansi na marejeo yake. Zilizobaki 24 ni majina na taasisi zao.

Tusikimbilie kusema basi wasomi wa historia na lugha hutia saini na wanasayansi huyeyuka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ni kazi ya lugha, na kwenye marejeo mwandishi wake ni TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, taasisi nzima. Kinachoelekea kuamua ni aina ya kazi kuliko kitivo: penye hoja ya mtu, jina hubaki, penye kipimo au fasili ambayo lazima wote waikubali, majina huyeyuka ndani ya taasisi au hugeuka orodha ndefu. Nasema "kinachoelekea" kwa sababu kila ukiweka kanuni hapa, mtu hukuletea kitabu kinachoivunja.

Husikika pia kwamba sura ndani ya kitabu cha pamoja ni kaburi, kwamba ungeiandika kama makala ya jarida ingesomwa zaidi. Katika fani zinazoishi kwa majarida dai hilo lina nguvu, maana makala hupatikana kwa urahisi mtandaoni na sura hujificha nyuma ya jalada lenye jina la mwingine. Katika historia ya Afrika sioni likisimama vizuri. Kwa wengi wetu juzuu hizo nane ndizo zilizokuwa rafuni.

Na namna ya kunukuu, ambayo ingeniokoa, imebebwa na neno dogo: "katika". Salim, A. I. (1992), kisha jina la sura, *katika* Ogot, B. A. (Mh.), kisha jina la kitabu. Kabla ya "katika" anakaa aliyepika. Baada yake anakaa aliyeshika pishi. Ndani ya insha yako jina litakalotajwa ni Salim.

Baada ya aibu ile nilirudi maktaba na kufuata pwani peke yake, juzuu kwa juzuu, nikiandika majina tu. Juzuu ya pili, biashara ya bahari ya kale: Abdul Sheriff. Ya tatu: Masao na Mutoro. Ya nne, ustaarabu wa Waswahili: Matveiev, kutoka Umoja wa Kisovyeti. Ya tano: Salim wangu. Ya sita ndiyo iliyonichekesha. Pwani ya karne ya 19 imekatwa vipande viwili: Salim anaandika 1800 hadi 1845, na Isaria Kimambo wa Dar es Salaam anaandika 1845 hadi 1880. Sayyid Said bin Sultan alifariki 1856. Kwa hiyo sultani huyo anaanza kutawala mikononi mwa Salim, anavuka ukurasa akiwa hai, na kufa mikononi mwa Kimambo.