Je, wajua kwa nini madaraja ya mawe ya Kigoma hayana nondo?

Mara ya kwanza kuona daraja la mawe likijengwa, kwenye barabara ya vumbi huko Buhigwe, nilitafuta nondo kwa macho nikazikosa. Kulikuwa na mawe, mchanga, mifuko ya saruji na kiunzi cha mbao kilichopinda kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Nikamuuliza fundi nondo zinaletwa lini.

"Za nini, kaka? Hapa hakuna kinachovutwa."

Sikumwelewa. Nikaondoka nikijisemea kwamba hela zimeisha, na masika yakikolea fuso la muhogo litaishia korongoni.

Nilikosea, na sidhani kama niko peke yangu. Tumezoea kupima uimara kwa chuma. Nyumba ambayo linta yake haina nondo tunaitilia shaka kabla hata ya kuingia, sembuse daraja. La mawe matupu tunaliona la dharura, la kungojea bajeti. Lakini nenda Kilwa Kisiwani uangalie matao ya Msikiti Mkuu: ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mengine yamesimama kwa karne kadhaa. Kule Roma kuna daraja la Fabricius, la mwaka 62 KK, na watu wanalivuka hadi leo. Zege lenye nondo ni mgeni wa karne ya 19 tu. Kwa hiyo swali langu lilikuwa limegeuzwa kichwa chini. La kuuliza ni kwa nini daraja la zege linahitaji nondo.

Chukua muhogo mbichi, uuvunje gotini. Unaanza kupasuka upande wa nje, unaovutwa. Upande wa goti unabanwa tu na hauna neno. Jiwe na zege vina tabia hiyohiyo: ukivibana vinavumilia sana, ukivivuta vinakatika. Daraja bapa hunesa kidogo lori likipita na tumbo lake huvutwa, ndiyo maana nondo hulazwa tumboni humo.

Daraja la mawe ni tao, na tao halisubiri kuvutwa. Panga viberiti saba kwa mstari, vibane kati ya viganja viwili, uvinyanyue. Havianguki, ingawa hakuna gundi wala uzi. Kinachovishika ni kule kubanwa. Sasa upinde mstari huo uwe tao, na uzito wenyewe unafanya kazi ya viganja: kila jiwe linataka kuanguka, linamsukuma jirani, jirani naye anasukuma wa pili, hadi msukumo ufike ukingoni na kuingia ardhini. Ajabu yake ni kwamba kifusi kinachomwagwa juu hulikaza zaidi. Sisemi ulipakie upendavyo. Mzigo mkubwa uliokaa upande mmoja wa tao jembamba unaweza kuliharibu.

Legeza viganja, viberiti vyote viko chini. Huo ndio udhaifu wa tao. Mafuriko yakichimba msingi wa pembeni, mawe mazuri kiasi gani hayataliokoa. Na kwa kuwa tao hubana kadiri unavyopanda, maji yakijaa nafasi ya kupita inapungua haraka kuliko kwenye daraja la mstatili. Mto mpana hutaka matao mawili au zaidi.

Hili si dogo kwa sasa. Hewa ikipata joto la nyuzi 1 zaidi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kubwa huelekea kuwa kubwa zaidi. Korongo unaloruka Julai bila kulowa, Machi linabeba magogo. Kaluvati ya bomba jembamba huziba, maji yanapanda juu ya barabara na kuondoka na tuta zima. Tao lina mdomo mpana zaidi, na halina chuma cha kushika kutu. Nondo ikiliwa na kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Barabara za wilaya zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, na madaraja ya namna hii yalishika kasi Kigoma kwa msaada wa Ubelgiji kupitia shirika lake la maendeleo, Enabel. Wahandisi wanasema gharama hushuka kwa zaidi ya nusu. Naamini, mradi mawe yawe jirani, kama ilivyo kwenye vilima vya Buhigwe na Kasulu. Yakitoka mbali, mafuta ya lori yanakula faida. Kuhusu kudumu karne nzima, tuvute subira. Haya ya kwetu bado ni machanga, na Roma hakuna masika ya Kigoma.

Siku ninayoipenda ni ya kutoa kiunzi. Kabari zinagongwa moja moja, mbao zinalegea, na tao linashuka kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Ndipo mawe yanaposhikana sawasawa. Mbao zinapakiwa kwenye lori, zinapelekwa korongo linalofuata.