Ng'ombe hakamuliwi kwa hasira

Wazazi hunipigia simu wakiwa wamechoka: "Mchukueni akapigike huko kwenye ng'ombe, akili imkae sawa." Mimi ni ofisa ustawi wa jamii, na kwa miaka mingi nimeishi na vijana waliokinzana na sheria kwenye shamba la mifugo, huku nyanda za juu Mbeya. Kauli hiyo ya kupigika ndiyo ninayopambana nayo kila siku.

Kazi ngumu peke yake haimrekebishi mtu. Kijana aliyelala stendi amebeba mizigo ya watu tangu utotoni. Ugumu anaujua kuliko sisi. Asichowahi kuwa nacho ni kiumbe kinachomsubiri yeye.

Chukua ukamuaji. Maziwa hayashuki kwa nguvu za mikono. Ukiosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukikanda taratibu, mwili wa ng'ombe unatoa homoni ya oksitosini, na baada ya dakika moja hivi chuchu zinajaa. Hali hiyo hudumu dakika chache tu. Ukimpiga au kumfokea, adrenalini, homoni ya hofu, inayazuia maziwa. Utavuta mpaka vidole vife ganzi. Kijana mmoja wa miaka 16, aliyetokea vijiwe vya Mwanjelwa, mjini Mbeya, wiki ya kwanza alimpiga ng'ombe teke. Ndoo ikabaki tupu. Mzee wetu wa zizi hakumgombeza. Alichuchumaa kando yake, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akasema, "Mwanangu, pumua kwanza." Siku ya nne ndoo ilifika nusu.

Mzee yule ndiye dawa yenyewe. Mwondoe, na zizi linageuka kambi ya adhabu. Nimepaona mahali pa namna hiyo: vijana wanazoa samadi kutwa nzima, jioni hakuna wa kuwajulia hali. Walitoroka mmoja mmoja.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kwa hiyo sisi tunaanza kukamua saa 12 na nusu, kisha darasani.

Yule wa Mwanjelwa, siku aliyoruhusiwa kwenda kumsalimia mama yake, alifika getini akarudi mbio zizini. "Mzee, yule mwekundu, chuchu ya nyuma kulia inatoa mabonge. Mkamueni wa mwisho, asije akawaambukiza wenzake."