Mtamba Aliyekonda Hajapungukiwa na Homoni

Kaskazi ikishakausha malisho kati ya Witu na Garsen, swali ninaloulizwa huwa ni lile lile. Mwaka huu aliyeniuliza ni mzee mmoja wa Witu. Alinivuta pembeni pale kwenye josho, akanionyesha mtamba wake, mbavu zahesabika. "Daktari, huyu amedumaa. Nidungie ile sindano ya kukuza." Nikamwambia, mzee wangu, yaelekea damu ya huyu ina homoni ya ukuaji nyingi kuliko ya mtamba aliyenona. Akacheka, akadhani namtania.

Sikuwa namtania. Ukifika machinjioni Malindi alfajiri, mwombe mchinjaji akupasulie fuvu. Chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa, kuna kitezi kama punje ya haragwe kimening'inia kwa kikonyo. Hiyo ndiyo pituitari. Sehemu yake ya mbele hutengeneza homoni ya ukuaji, ila haijiamulii: hungoja amri za hipothalamasi, eneo la ubongo lililo juu yake, zinazoshuka kwa vijishipa vya damu.

Amri zenyewe zinapingana. Homoni iitwayo GHRH husema toa. Somatostatini husema zuia. Somatostatini ilitambuliwa mwaka 1973. GHRH ilikuja 1982, na ajabu yake, ilipatikana kwanza kwenye uvimbe wa kongosho la binadamu, si ubongoni. Kwa mvutano wa hizi mbili, homoni ya ukuaji haitiririki kama maji ya mfereji, hutoka kwa mikupuo. Ukipima damu mara moja tu hujui umekuta kilele au bonde.

Tumbo nalo lina usemi. Mwaka 1999 iligunduliwa grelini, homoni ya njaa, ambayo kwa ng'ombe hutoka hasa kwenye tumbo la nne na huichochea pituitari. Maksai wanaolishwa kwa saa maalumu homoni yao ya ukuaji hushuka wakishakula. Hata ukiwadunga GHRH, huitikia vizuri zaidi kabla ya kulishwa kuliko baada.

Sasa turudi kwa mtamba wetu. Homoni ya ukuaji hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kupitia ini, ambalo huitikia kwa kutoa homoni nyingine, IGF-1, inayokuza misuli na mifupa. IGF-1 ikitosha, huurudia ubongo na kuuambia upunguze kasi. Njaa hulifanya ini liwe kiziwi: IGF-1 hushuka, breki ya ubongo hulegea, pituitari humwaga zaidi. Homoni hiyo yote basi huishia kuyeyusha akiba ya mafuta ili mnyama asife, wala haimwongezei hata kidole cha kimo. Ukimdunga nyingine ni kumpigia kelele kiziwi.

Sindano ya namna hiyo ipo kweli. Marekani iliiidhinisha mwaka 1993, kwa ng'ombe wa maziwa wanaolishwa wakashiba, si kwa mtamba wa kiangazi. Umoja wa Ulaya uliikataa kwa kujali afya ya ng'ombe wenyewe, kwani huongeza ugonjwa wa kiwele.

Kinacholizindua ini ni chakula chenye protini na nguvu. Huku kwetu mashudu ya nazi yanafaa sana, na mabua ya mahindi yakikatwakatwa ni afadhali kuliko nyasi za kiangazi. Lakini kwanza ondoa minyoo, na upande wa Lamu mpime ugonjwa wa mbung'o. Bila hivyo unalisha wadudu.

Mzee alikubali kujaribu mashudu, ila hakuwa na utepe wa kupimia ukuaji wa mtamba. Alizungusha kamba ya katani kifuani mwa mtamba, nyuma ya miguu ya mbele, akapiga fundo. Mwisho wa masika aliizungusha tena, kamba ikapelea vidole vinne: kifua kilikuwa kimepanuka. Sidai ni mashudu peke yake. Nyasi nazo zilikuwa zimerudi.